Fundi Nusu Inchi na Kilo Zilizopotea

Mtaa mzima ulimwita Nusu Inchi, na jina hilo alijipa mwenyewe kwa mdomo wake. Ukimpelekea kitambaa akushonee suruali, atakupima kiuno, atasoma futi, kisha atasema, "Tuongeze nusu inchi. Binadamu hakauki." Ukimwambia hutaki kuongezwa, atatikisa kichwa kukubali na kuongeza vilevile. Miaka thelathini na minane alikaa nyuma ya cherehani ileile, kwenye chumba cha mlango mmoja na dirisha moja kati ya duka la nafaka na kibanda cha kutolea nakala, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja aliyerudi kulalamika kwamba nguo imembana. Waliorudi ni wale walionenepa, na hao aliwapokea kwa furaha kama baba aliyeletewa matokeo mazuri ya mtihani.

Kitu kimoja alikichukia, nacho ni mkanda. "Mkanda ni tusi," alikuwa akisema. "Mtu akivaa mkanda anautangazia ulimwengu kwamba fundi wake hajui kupima." Yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa mkanda tangu aanze kazi. Suruali yake ya kijivu ilikaa kiunoni utadhani ilizaliwa hapo. Hilo la mkanda lishikeni, tutalihitaji mbele.

Mkewe alikuwa Mwalimu. Alikuwa amestaafu, lakini mnajua wenyewe kwamba ualimu haustaafu. Alifundisha darasa la tatu miaka thelathini na mitano, na siku ya kuagwa walimzawadia ile kengele ya mkononi aliyokuwa akiipiga wakati wa mapumziko. Nyumbani waliitana kwa kazi zao, Fundi na Mwalimu, na walikuwa na binti mmoja aliyeolewa mji mwingine, ambaye aliwapenda wazazi wake kwa njia ya simu.

Sasa basi, mwaka huo Fundi alianza kwenda haja ndogo kila mara, na akifika huko anasimama muda mrefu kwa matone mawili. Akasema ni uzee. Mwalimu akasema uzee haukisiwi, akamshika mkono mpaka hospitali. Damu ikachukuliwa, kinyama kikakatwa kikapelekwa maabara, na mwishowe daktari akawaketisha akawaambia: saratani ya tezi dume. Tumeiwahi, akasema. Mzee atachomwa sindano za homoni, na baada ya wiki nane ataanza kupigwa mionzi.

"Ila nisikilizeni vizuri," akasema daktari. "Mzee leo ana kilo sabini na moja. Mionzi inataka mwili wenye nguvu. Akishuka chini ya sitini na sita, sitaanza. Itabidi tusogeze mbele, na ugonjwa huu mimi sipendi kuusogezea siku."

Hayo ndiyo yaliyosemwa, waziwazi, na wote wawili waliyasikia.

Kutoka hapo walipelekwa chumba cha pili kwa mtaalamu wa lishe, msichana mwenye sauti ya upole na mwandiko mbaya. Aliwaandikia nusu ukurasa: apunguze nyama nyekundu, apunguze chumvi, apunguze sukari na vya kukaanga, aongeze mboga na matunda, nyanya zilizopikwa ni nzuri, ale ashibe, na kila baada ya wiki mbili aje apimwe uzito. Mwalimu aliisoma karatasi hiyo njia nzima. Walipofika nyumbani alikuwa ameshaisahihisha.

"Punguza," alisema, "si neno la kumwambia mtu. Mtoto ukimwambia punguza kelele, ananong'ona. Ukimwambia acha, anaacha."

Basi kila palipoandikwa punguza akasoma acha. Akachukua karatasi kubwa ya manila na kalamu nyekundu, akaandika juu VILIVYOKATAZWA, akaibandika ukutani juu ya meza ya kulia. Chini akaacha nafasi, maana mwalimu mzuri huacha nafasi.

Nafasi hiyo ndiyo iliyoleta balaa. Ndugu walisikia, na ndugu wakisikia ugonjwa hukuletea ushauri, kwa sababu hauhitaji kikapu. Wa kwanza kuja alikuwa dada yake Fundi, mwanamke ambaye hajawahi kuugua hata mafua na kwa hiyo anajua maradhi yote. Alikaa, akavua viatu, akasema saratani inakula mayai. Mwalimu alipomuuliza amejuaje, akajibu, "Wifi, mimi sisemi, mimi nasikia." Mayai yakaandikwa. Binti akapiga simu: maharage yanajaza gesi tumboni, na mionzi haitaki gesi. Maharage yakaandikwa, na kunde, na dengu, kwa kuwa ni ukoo mmoja. Muuza nafaka wa duka la jirani akaja na vumbi la unga kwenye nyusi, akaapa kwamba maziwa ni sumu, samaki ni sumu, ndizi mbivu ni sumu na mkate ndio kabisa. Ukichunguza utaona alikataza kila asichouza, lakini vyote viliandikwa. Kufikia wiki ya pili karatasi ilikuwa na vitu ishirini na vitatu. Wali ulikuwa wa kumi na tisa, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeukataza.

Zilibaki nyanya za kuchemsha. Ilibaki kabichi ya kuchemsha. Jumapili palikuwa na boga. Vyote hivyo bila chumvi, bila mafuta, na bila huruma.

Nisimseme vibaya Mwalimu, maana alipika kwa moyo wake wote. Alichagua nyanya mojamoja sokoni mpaka wauzaji wakawa wanajificha wakimwona. Alizimenya maganda, akazitoa mbegu, akaziponda, kisha akaketi mbele ya mumewe akihesabu vijiko. "Zinasaidia," alisema. "Naona usoni mwako." Fundi angesema nini? Alikula, akasema tamu. Mtu umeishi naye miaka arobaini, anakumenyea nyanya kwa vidole vilivyoanza kutetemeka, halafu umwambie chakula chake hakipiti kooni? Isitoshe, sindano zilikuwa zimemwondolea hamu ya kula na kumletea joto la ghafla, anaketi vizuri tu mara jasho linamtiririka, anajipepea kwa kipande cha kola. Akawa anaishia nusu sahani, na nusu nyingine anaizungusha kwa uma ionekane ndogo.

Suruali ndiyo iliyojua kwanza. Asubuhi moja alinyanyuka kutoka kwenye cherehani, suruali ikachelewa kunyanyuka. Akatazama mlangoni, hakuna mtu. Akajipima kiuno: thelathini na sita ilikuwa imefika thelathini na nne na nusu. Akaegesha mlango, akaivua, akaipunguza papo hapo, akaufuata mshono wa zamani kwa uhodari ambao jicho la kawaida haliwezi kuutambua. Alipofungua mlango alikuwa mtu aliyevaa suruali ya saizi yake. Kesho yake akapunguza shati. Koti likafuata.

Mtaniuliza kwa nini hakusema. Nami nitawaambia, kwa sababu hapo ndipo penyewe.

Fundi wa nguo huona kifo mapema kuliko daktari. Miaka mingi nyuma palikuwa na karani mmoja, mtu mcheshi, aliyeleta suruali ya bluu ipunguzwe kiunoni. Wakacheka, wakasema ni mambo ya mazoezi. Baada ya miezi miwili akaileta tena, hawakucheka sana. Mara ya tatu akaiweka mezani bila kusema kitu, na Fundi akaichukua bila kuuliza kitu. Mara ya nne alikuja mkewe, na hakuleta suruali. Jioni hiyo Fundi alifunga kazi mapema, akaenda nyumbani akamsimulia Mwalimu. Tangu hapo alikuwa na kanuni yake moyoni: mara tatu ni mkosi, na mara ya nne huja mke. Sasa leo yeye ndiye amepunguza mara ya kwanza, na mke aliyepo anaimba jikoni kwa sababu nyanya zinasaidia.

Basi akapiga hesabu zake. Wiki nane si nyingi. Akizivuka akaanza mionzi, nani atamuuliza habari ya kilo? Kichwa cha fundi hupima kila kitu vizuri isipokuwa mambo yake mwenyewe.

Siku ya kupimwa ilikuwa keshokutwa. Alivuka kwenda kwa jirani yake muuza nafaka, ambaye alikuwa na mizani kubwa ya magunia, akapanda juu yake baina ya gunia la mahindi na gunia la mtama. Muuza nafaka akasogeza chuma, akainama, akasoma.

"Sitini na tisa. Fundi, wewe siku hizi ni gunia lisilojaa."

"Fanya kazi yako."

"Ningekuwa nakuuza, mteja angegombana na mimi."

Fundi alirudi kwenye chumba chake akatafakari. Ndipo jicho lake likaangukia sanduku lililokuwa chini ya meza. Miaka miwili nyuma alishona mapazia ya ukumbi wa mikutano, yale marefu ya kutoka darini hadi sakafuni, na akabakiwa na sanduku zima la vyuma vya pindo, vile vya duara bapa vinavyoshonewa chini ya pazia ili upepo usilipeperushe. Kimoja ni gramu mia. Kumi ni kilo. Akakaa na koti lake, akafumua bitana, kile kitambaa cha ndani, upande wa chini, akapanga vyuma ishirini kwa mstari, kila kimoja na mfuko wake, akarudishia mshono. Kazi ilikuwa safi. Hata yeye aliitazama kwa majivuno, Mungu amsamehe.

Hospitalini msichana wa lishe alimwambia avue viatu tu. Akapanda. Sabini na moja.

"Hongera, baba. Hujapungua hata kidogo. Wengi kwa sindano hizi hupungua au hunenepa ovyo. Mama, unampikia nini?"

"Nafuata karatasi," akasema Mwalimu, akanyoosha mgongo.

"Basi chochote mnachofanya, endeleeni nacho."

Mnaona alivyojifunga mwenyewe? Kama angesema ukweli siku hiyo, angerudi nyumbani akale mayai. Badala yake Mwalimu alitoka hapo akiwa amefaulu, na mwalimu aliyefaulu huongeza bidii. Jioni hiyohiyo boga la Jumapili lilifutwa, kwa kuwa lilikuwa na utamu wa kutilia shaka.

Wiki mbili nyingine, mizani ya magunia ikasema sitini na saba. Suruali ikapunguzwa mara ya pili, koti likaongezwa vyuma vikawa arobaini. Hospitalini, sabini na moja. Hongera, endeleeni. Muuza nafaka sasa alikuwa ameacha utani. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alimwambia, akiwa ameshika kile chuma cha mizani. Fundi akamjibu kwamba yeye hafichi maradhi, anaficha kiuno tu, na kwamba kama si jirani huyo na hadithi zake za sumu, leo angekuwa anakula samaki. Muuza nafaka akaona haya, akampa kikombe cha karanga. Fundi akazila zote palepale amesimama, akajifuta midomo kama mwizi, kisha akaenda nyumbani kula kabichi.

Wiki ya sita ilikuwa sitini na tano. Alikuwa ameshapita chini ya alama ya daktari, na alijua. Akakaa na suruali ya kijivu mapajani, mkasi mkononi, akashindwa kuanza. Ilikuwa mara ya tatu. Aliogopa, na hakuna haja ya kumpambia. Mtu aliyewaongeza watu nusu inchi maisha yake yote alikuwa akijikata mwenyewe inchi kwa inchi. Mwishowe aliipunguza, kwa sababu isingekaa. Vyuma vikafika sitini. Koti sasa lilikuwa halivaliki bila kushika ukuta, na akitembea pindo linampiga mapajani, kapu, kapu, hata Mwalimu akamuuliza mbona siku hizi anatembea kwa heshima hivyo. Akasema ni nguvu za nyanya.

Ikafika wiki ya saba, siku ya kipimo cha kupanga mionzi. Walikwenda wote wawili, Mwalimu akiwa na daftari lake la lishe mkobani, maana alikuwa ameinakili humo orodha ya ukutani na alitaka kumwonyesha daktari. Muuguzi mmoja mnene mwenye haraka akamwita Fundi, akampa gauni la hospitali, lile la kufungwa kwa nyuma.

"Vua kila kitu, baba, uvae hili."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Na koti."

Fundi alilitazama gauni, akaanza kueleza kwamba kwapa limekatwa vibaya na pindo halikufungwa, kwamba angeweza kuwarekebishia. Muuguzi hakuwa na muda wa kwapa. Alimvua koti mwenyewe, kama unavyomvua mtoto, na lilipomtoka Fundi mabegani likamshusha muuguzi mkono mpaka magotini.

"Baba, hili ni koti au ni mtungi wa gesi?"

"Ni kitambaa kizito."

Akalitundika kwenye ndoano ukutani. Ndoano ikavumilia kidogo. Kisha ikang'oka na kipande cha ukuta, koti likaenda sakafuni kwa kishindo cha sinia la vikombe, bitana ikapasuka, na vyuma vya pazia vikatoka kimoja kimoja, vikabingirika chini ya kitanda, chini ya kabati, na kimoja kikatoka mlangoni, kikapita korido nzima bila haraka, kikaenda kulala mbele ya kiatu cha Mwalimu.

Mwalimu alikiokota. Alikigeuza. Alikifahamu, kwani ndiye aliyemsaidia kuhesabu vyuma vya ukumbi ule.

Walimpandisha kwenye mizani akiwa na gauni peke yake. Sitini na nne. Msichana wa lishe alipima tena. Sitini na nne. Akainama, akaokota vyuma vitatu vinne, akaketi.

"Baba, hivi ni vya nini?"

"Vya pazia. Lisipeperuke."

"Na kwenye koti?"

Fundi alitazama miguu yake iliyotokeza chini ya gauni, myembamba, akaona aibu nayo. "Na mimi nisipeperuke," akasema.

Msichana akaomba daftari. Mwalimu akalitoa, na bado alilitoa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi kazi nzuri. Msichana akasoma orodha kutoka namba moja hadi ishirini na tatu, kidole kikishuka polepole.

"Mama. Sasa baba anakula nini?"

"Nyanya," akasema Mwalimu. "Za kuchemsha. Na kabichi."

"Na nini?"

"Na maji."

Msichana huyo alikuwa na adabu, sharti nimsifu. Hakumpandishia sauti. Alisema nyanya ni nzuri na kabichi ni nzuri, lakini hakuna chakula kimoja kinachoponya saratani, na vingi kati ya hivi vilivyokatazwa ndivyo vinavyombeba mgonjwa. Sindano hizi zinadhoofisha mifupa, kwa hiyo maziwa kiasi anayahitaji. Mayai ale. Samaki ale. Maharage ale, na kama siku za mionzi yatamsumbua tumbo, watamwambia wakati huo. Nyama nyekundu kidogo, mara mojamoja. Chumvi na sukari ziwe kidogo. Karanga, mafuta kidogo kwenye mboga, wali, mkate, yote ale. Akishindwa kumaliza sahani, ale kidogokidogo mara nyingi.

"Niliandika apunguze," akamalizia.

"Nilipunguza," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo ambayo darasa la tatu halikuwahi kuisikia. "Mpaka sifuri."

Daktari akaja akasema kile walichokiogopa. Leo hapangi mionzi. Atamshikilia nafasi yake wiki tatu tu, baada ya hapo itabidi aipe zamu mgonjwa mwingine na Fundi aanze foleni upya. Arudi na kilo sitini na sita, na arudi bila koti.

Njia nzima Fundi alizungumza peke yake juu ya gauni, jinsi lilivyokatwa. Walipofika nyumbani Mwalimu aliibandua karatasi ya manila ukutani, akaikunja mara nne, akaitia kwenye jiko. Kisha akamwambia Fundi avue suruali.

"Mwalimu, mchana huu?"

"Ivue."

Akaketi nayo dirishani, akavaa miwani, akaigeuza ndani nje. Mshono mzuri haufichi kitu ndani. Pale kwenye mkunjo, kando ya mshono wa asili, palikuwa na safu za uzi mpya, safu baada ya safu, kila moja ikiwa ndani zaidi ya iliyotangulia. Mwalimu alipitisha ukucha juu yake akihesabu kwa sauti, alivyokuwa akihesabu watoto mstarini.

"Moja. Mbili. Tatu."

Akavua miwani.

"Mara tatu, Fundi. Kama karani." Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. "Ulikuwa unanisubiri mimi? Mimi ndiye nije mara ya nne?"

Fundi alisimama katikati ya chumba na shati refu na miguu mitupu, akafungua mdomo. "Ulikuwa unaimba jikoni," akasema. "Sikutaka uache kuimba."

"Mimi naimba nikiwa na hofu. Miaka arobaini hujajua?"

Hakujua, mjinga wa watu. Alilia naye, na walilia vizuri, mpaka wakachoka. Halafu Mwalimu akaenda kwenye kikapu chake, akaleta wembe, akaanza kufumua. Hajui kushona hata kifungo, lakini kufumua hakuhitaji ufundi, kunahitaji hasira. Alifumua safu ya tatu, ya pili, ya kwanza, akavuta uzi wote akautupa, akamrudishia suruali yake ikiwa inchi thelathini na sita kama ilivyozaliwa.

"Hii haipunguzwi tena," akasema. "Utakayeongezwa ni wewe."

"Itanianguka."

"Ishike."

"Watu wataniona."

"Ndiyo nataka. Kama hutaki, vaa mkanda."

Hapo alimpata. Mkanda hakuvaa. Kwa hiyo wiki tatu nzima mtaa ulimwona Fundi Nusu Inchi akitembea mkono wa kushoto umeshikilia suruali kiunoni, na mtaa, kama mnavyoujua, haukumwacha. Walimuuliza kama anaficha kuku. Walimuuliza kama suruali ni ya baba yake. Muuza nafaka, aliyekuwa akila majuto, alimletea maharage na karanga kila siku, akaongeza trei ya mayai ambayo hata hakuyauza yeye, aliyanunua kwa mwenzake.

Na kengele ikatoka kabatini. Mwalimu aligawa siku kama ratiba ya shule: saa moja maziwa na mkate, saa nne yai, saa saba mlo kamili, saa kumi karanga na ndizi, jioni tena. Kila kipindi kikifika, alitoka hadi barabarani akapiga kengele mara tatu kuelekea chumba cha cherehani, na Fundi akafika mkono kiunoni, anaburuta viatu, watu wakimpisha. Baada ya wiki moja wenye kibanda cha nakala walikuwa wanakunywa chai yao kwa kengele hiyo. Dada yake Fundi alikuja na habari kwamba amesikia karanga zinaleta kikohozi. Mwalimu akamwambia, "Wifi, karibu sana, kaa, ule. Ukisikia lolote tena, lisikie ukiwa kwako."

Shida ilikuwa yai. Yai la kuchemsha linataka mikono miwili kulimenya, na Fundi alikuwa na mmoja tu wa kutumia akiwa amesimama. Saa nne wateja huwa wengi, hana nafasi ya kuketi, kwa hiyo Mwalimu alimmenyea. Alisimama naye mlangoni mbele ya watu, akamenya, akampa, akangoja ameze. Fundi aliona haya siku mbili za mwanzo. Baadaye akawa anategea kengele sikio kabla haijalia.

Hakwenda kwenye mizani ya magunia. Mwalimu alimkataza, akasema mtihani haufanywi kabla ya mtihani. Kwa hiyo asubuhi ya siku ile, wiki tatu zilipotimia, hakuna aliyejua. Fundi alivaa gauni, akalifunga mwenyewe kwa nyuma kwa fundo la kiume, akapanda. Alifumba macho. Mwalimu, aliyeruhusiwa kuingia, alimshika muuguzi mkono badala ya kushika kiti, na muuguzi akavumilia.

"Sitini na sita," akasema msichana wa lishe. "Na gramu mia mbili."

"Hizo mia mbili umezitafuta kwenye pindo?" akauliza daktari kutoka mlangoni, na Fundi, macho bado yamefumbwa, akalikung'uta gauni ili wote wasikie kwamba halilii. Wakampeleka kwenye mashine, wakampanga, wakamchora alama ndogo tatu tumboni kwa kalamu, akawaambia mistari yao imepinda kidogo. Mionzi itaanza Jumatatu.

Alivaa nguo zake nyuma ya pazia, akatoka koridoni kwa mkewe. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Alitazama saa ya ukutani, akatoa yai lililofungwa kwenye karatasi. Kengele alikuwa ameiacha nyumbani, lakini saa nne ni saa nne.

Akaanza kulimenya. Fundi akalichukua mkononi mwake. Akaligonga kwenye ukingo wa benchi, akaiachia suruali, akainua mkono wa kushoto pia, akalimenya mwenyewe, taratibu, amesimama wima, ganda moja baada ya jingine akiliweka kwenye karatasi. Mwalimu hakuwa akitazama yai. Alikuwa akitazama kiuno cha suruali ya kijivu, kilichoteremka kidogo kikashika nyongani, na alikitazama mpaka yai likaisha, na suruali haikuanguka.